Usitume Kompresa, Kaka

S.L.P. 318,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na wanangu hawajambo? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unajifanya mwanaume hutaki kumwona daktari? Sisi huku tu wazima, ila joto linatutoa roho. Mama anaendelea vizuri, na leo naandika neno hilo bila kukuficha kitu.

Salamu zimetosha, sasa nisikilize: usitume kompresa! Kama umeshaifunga kwenye boksi, ifungue. Gari linapoza, Kaka. Linapoza mpaka Mama ameomba mtandio.

Unajua tulivyokuwa. Mama amekosa kliniki ya moyo mara mbili kwa sababu ya joto la ndani ya gari. Safari ya mwisho alizirai kwenye foleni, akaapa harudi humo hata abebwe. Daktari naye alishatuonya kwamba akikosa mara ya tatu tusimlaumu kwa litakalotokea. Fundi wa Baba, yule tunayemwita Mzee wa Gesi, alijaza gesi mara mbili, kisha akatangaza kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, imekufa. Mimi niliyemaliza mafunzo ya umeme wa magari sikuruhusiwa hata kufungua boneti. Baba alisema gari la nyumbani si la kujifunzia.

Kliniki ilikuwa Alhamisi. Jumatano asubuhi nikamwomba Baba nusu saa tu, na nadhani alikubali kwa kukata tamaa. Nikawasha gari, nikawasha AC, nikainama mbele ya rejeta. Kompresa ikagonga kama kawaida, kumbe i hai. Lakini zile feni mbili za mbele, zinazopuliza kondensa, ile rejeta ndogo ya AC, ili gesi ipoe, zilikuwa zimetulia kama mambo hayazihusu. Ndiyo maana gari lilipoza kidogo likikimbia, na likisimama kwenye foleni linageuka tanuri.

Nikapima fyuzi, nzima. Nikachomoa plagi ya feni, nikaziunga nyaya moja kwa moja na betri. Feni zikavuma, vumbi lote likamrukia Baba usoni. Basi mota nazo nzima. Nikachukua ile taa ya kupimia uliyoniachia siku unaondoka, nikaigusisha kwenye plagi, haikuwaka. Umeme haufiki. Aliyebaki kuhojiwa alikuwa rilei, kile kiboksi cheusi kinachofungulia umeme uende kwenye feni. Spea sikuwa nayo, lakini rilei ya honi inafanana nayo namba kwa namba. Nikazibadilisha. Kaka, feni zikaanza kuzunguka zenyewe! Nilipiga kelele mpaka jirani yetu mshonaji akatoka na futi yake shingoni.

Nikabonyeza honi, kimya. Mbovu imepatikana. Nikageuka kumwonyesha Baba, nikamkuta anaangalia viatu vyake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka jana honi iligoma, na Baba unamjua, miaka thelathini ya lori, hawezi kumpita mtu bila kumsalimu kwa honi. Alifungua kisanduku cha fyuzi mwenyewe, akaona rilei mbili pacha, akazibadilisha, honi ikalia, akafunga akaenda zake. Ile nyingine alidhani ni ya akiba. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini sana, lakini Mama alikuwa kizingitini na masikio yake unayajua.

"Kumbe mwaka mzima nimepikwa kwa ajili ya salamu zako," alisema.

Nilipiga simu duka la spea, wakasema rilei ya namba hiyo ni mpaka Ijumaa. Kwa hiyo ama honi ama feni. Nikajiandaa kwa mabishano, lakini Baba alishusha boneti taratibu, akaenda kumtafutia Mama viatu.

Alhamisi walikwenda. Njia nzima Baba alisalimu watu kwa kutoa mkono dirishani, mpaka Mama akamwamuru afunge kioo, baridi inatoka. Kwenye foleni ileile alimozirai, safari hii alisinzia. Daktari amempima, ameridhika, na amempangia tarehe nyingine.

Ijumaa nikaleta rilei mpya, nikainama kuichomeka kwenye honi. Baba akanishika mkono.

"Hiyo weka akiba ya feni, fundi. Honi itasubiri."

Ameniita fundi, Kaka. Nilijifanya natafuta spana chini ya gari, nikakaa huko muda mrefu kuliko spana ilivyostahili.

Msalimie sana Wifi, uwabusu wanangu, waambie shangazi yao anaweza kutengeneza hata vigari vyao. Mama anakuombea heri na afya, na Mungu akufungulie njia ya kurudi uje upande gari hili. Baba naye anakusalimu, kwa mdomo tu, maana honi hana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Fundi wa nyumbani.