Mbega Aliyetoka Kama Moshi

Gachanja uko? Leo nimeaibika mpaka nimechoka.

Nilikuwa naonyesha watu picha ya mbega niliyopiga, pale kituo cha kuuza majani chai, Kiptere. Joan, yule msichana wa kupima majani, akacheka mbele ya wote. "Mzee, mkono umeanza kutetemeka!"

Mkono! Mimi!

Nikamwambia nimeweka shata ya kamera ifunge polepole makusudi, mbega akiruka atoke kama moshi na mti ubaki umetulia. Akasema, "Sawa mzee. Hata baba yangu alikuwa anasema ni kikombe kinatetemeka." Wakacheka wote.

Nimefika nyumbani nikakuza ile picha.

Gachanja, mti pia umetoka kama moshi. Mti! Na hakukuwa na upepo.

Usiambie mtu. Ile stendi ya kamera ulinipatia nikakataa, bado unayo?