Bendeji ya Baba Mdogo

Jumapili, 8 Juni. Kilosa

Sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Picha zote zenye sahihi ya baba mdogo nimechora mimi. Zote, tangu Kidato cha Kwanza. Yeye anaandika mabango ya maduka, na herufi zake nzuri kweli. Ila mti hawezi. Mbuzi wake ana miguu ya meza. Siku alipoona nilivyochora stesheni alisema, "Hii nzuri mwanangu, ngoja niimalizie." Kuimalizia ilikuwa kuandika jina lake pale chini.

Tangu baba afariki naishi kwake, shule ananilipia yeye. Kwa hiyo nanyamaza.

Leo nimekausha picha ya mwisho, ya bibi akipepeta mchele. Kesho tunazipeleka Mikumi, wiki nzima, kwenye maloji na maduka ya picha. Nakwenda kwa sababu nasoma shule ya Kiingereza. Nitatafsiri. Mama yuko Tindiga kwenye mpunga, kaambiwa natembezwa. Amefurahi.

Jumatatu, 9 Juni. Mikumi

Vumbi tangu kijiji cha Ulaya. Picha nimezipakata mimi, zimefungwa kwenye khanga ya mama mdogo, mke wake.

Chakula cha mchana loji ya kwanza, tumekaribishwa. Supu ya maboga imeletwa kwenye kikombe. Baba mdogo akainywa kama chai, akaulizia andazi. Nilitaka kucheka. Akanigeukia mbele ya mhudumu: "Kaa vizuri. Hujazoea wewe." Hamu ya kucheka ikaisha.

Halafu ukutani nikaiona. Treni yangu ya mwaka jana. Ina fremu, ina taa yake peke yake inayoimulika. Nilisimama pale mpaka nikawazibia watu njia. Na jina lake pale chini, limenyooka.

Jumanne, 10 Juni

Maduka mawili ya picha, barabara kuu. La kwanza twiga watupu. Kitu pekee nilichotaka kuchora ni nyani aliyekaa mlangoni na mkungu wa ndizi mbovu, kama mwenye duka.

La pili ni la mama mmoja wa kigeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu". Akauliza kwa nini bibi kwenye picha ana mikono lakini hana uso. Baba mdogo: "Mwambie ni mila yetu. Bibi hachorwi uso."

Hakuna mila kama hiyo. Bibi alikufa nikiwa mdogo, uso wake nimeusahau. Mikono naikumbuka. Ndiyo hivyo tu.

Nikaitafsiri ile mila. Kwa Kiingereza kizuri kabisa. Yule mama akashika kifua. Nimejisikia kama nimemuuza bibi.

Jumatano, 11 Juni

Chipsi mayai. Sijaongea na mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefanya kitu.

Yule mama anaandaa chakula cha jioni Jumamosi, wageni watakula huku picha zimewazunguka. Anataka baba mdogo achore mbele yao. Nikamtafsiria. Jasho likamtoka puani. Sijawahi kumwona akiogopa. "Mwambie nina safari," akasema.

Nikamwambia yule mama kwamba amekubali, tena kwa furaha.

Baba mdogo alielewa pale alipopewa mkono na kupongezwa. Nje akanishika bega. "Umemwambia nini?" Nikasema Kiingereza kilinichanganya, baba. Shule yote ile anayoilipia. Hakuniamini. Nimefurahi vibaya sana.

Ijumaa, 13 Juni

Amenunua bendeji. Ameshindwa kujifunga mkono wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akaniita mimi. Nikamfunga. "Kaza, ionekane." Nikakaza. Tukiulizwa, mlango wa gari ndio uliombana, nilikumbuke hilo.

Jioni nyama choma kwa jirani wa loji. Akajisahau, akaivuta ile nyama kwa mikono yote miwili, bendeji ikaingia pilipili.

Jumamosi, 14 Juni

Yule mama alisema pole, lakini hakuna shida. Binti ashike brashi, baba aelekeze.

Nikachora yule nyani wa mlangoni. Wiki nzima nimeona aibu kula, kutembea, kuomba maji. Pale sikuona aibu. Baba mdogo alisimama nyuma yangu: "Weka kijivu hapo." Kijivu kilishawekwa. "Sasa mkia." Mkia ulishakauka. Mhudumu mmoja akapita na sahani: "Mzee, umefundisha. Mkono wako mtupu huu." Baba mdogo akajibu, "Nimemtoa mbali."

Wakapiga makofi. Wakimwangalia yeye.

Yule mama akaniinamia, akaniuliza taratibu nani kanifundisha. Jibu lilikuwa mdomoni kwa lugha zote mbili. Nikasema, baba mdogo.

Najichukia.

Halafu baba mdogo akachukua brashi kwa mkono ule ule uliofungwa, akaandika jina lake. Herufi safi, hakuna iliyotetemeka. Watu ishirini au zaidi wanatazama. Hakuna aliyeshangaa.

Jumatatu, 16 Juni. Kilosa

Majirani wamekuja kumpa baba mdogo pole. Kazipokea zote. Jana mama mdogo alimkatia nyama, alimnawisha, alimfungia vifungo vya shati. Usiku baba mdogo akachoka na joto, akaivua bendeji, akaitupa uani.

Yule mama wa Mikumi anataka nyani wengine. Mbao za kuchorea zimefika leo.

Asubuhi niliiokota ile bendeji. Nikaifua, nikaianika, nikajifunga mkono wa kulia. Kifundo nimekaza kwa meno. Nilipompa mama mdogo shikamoo aliitikia, akautazama mkono wangu. Bendeji bado ina doa la pilipili. Nikamwambia mlango umenibana. Akasema, "Pole, mwanangu." Akanimiminia chai, akaweka sukari mwenyewe, akakoroga.

Naandika kwa kushoto. Herufi zimelala kama wagonjwa, lakini zinasomeka.

Ndala za baba mdogo zinakuja koridoni. Zile mbao alizobeba zinagonga ukuta. Siku zote daftari hili huingia chini ya godoro.

Leo nimeligeuzia mlangoni, liko wazi.