Gari Tulilonunua Halimtoshi Baba Chiriku

Juu ya duka la vitambaa,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limekubali kupanda ngazi bila kelele. Uliposema daktari amekukataza kubeba vitu vizito nilicheka peke yangu, maana najua ulimwitikia vizuri, kisha ukatoka pale ukabeba begi la jirani. Tafadhali msikilize. Sisi huku hatujambo. Mafua yalipita kwa kila mtu humu ndani kwa zamu, yakamalizia kwangu, sasa yameondoka. Cherehani haijalala. Msimu huu wa kufungua shule nimeshona sare mpaka ndotoni naona kola.

Chiriku anakusalimu. Ameanza maneno, na jina lile la utani limemkaa kama amezaliwa nalo, hanyamazi hata akila. Picha yako iliyoko sebuleni anaiita "Bibi Ukutani". Akiamka anakuamkia wewe kwanza, sisi baadaye.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako ilikuwa na swali gumu, nami sikutaka kulijibu nusunusu. Uliuliza watu wenye mtoto mdogo wanatafuta gari la spoti la zamani la nini, na huyo mtoto watamweka wapi, juu ya paa? Na paa lenyewe la turubai! Nilimsomea Baba Chiriku, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Shangazi ana haki." Basi nakueleza yote, tangu tulipoanza mpaka jana.

Kwanza ujue hatukukurupuka. Cherehani ya pili nilishanunua, na fungu la shule la Chiriku limekaa pembeni, haliguswi. Kilichobaki kilikuwa ni kile kitu kimoja ambacho mume wangu amekitaka tangu ujana. Wakati ule alikuwa anaosha magari kwenye kituo cha mafuta. Siku moja likaingia gari dogo la wazi, paa limekunjwa nyuma, akalifuta kioo, likajazwa mafuta, likaondoka. Hakupewa hata nafasi ya kuzungushwa pale pampuni. Hadithi yote ndiyo hiyo. Lakini Shangazi, ukimsikia anavyoisimulia utadhani ni siku aliyopata wokovu. Na mtu huyu kazi yake ni kuendesha basi. Anawabeba watu kutwa, asubuhi mpaka jioni, hanung'uniki.

Nikasema mwaka huu tumtafutie.

La kwanza lilikuwa jekundu, linang'aa kama tunda lililopakwa mafuta. Dalali akatupokea kwa mikono miwili. "Shemeji, gari hili halijawahi kulala nje hata siku moja!" Baba Chiriku alikuwa ameazima sumaku yangu ya kuokotea pini, ameiviringishia kitambaa isikwaruze rangi, anaipitisha taratibu milangoni. Penye bati inanata, palipozibwa kwa puti inaanguka. Ikaanguka. Akasogea mbele kidogo, ikaanguka tena. Mimi nilikuwa nimeinama ndani, Chiriku mgongoni, nikainua zulia chini ya kiti. Harufu ile kila mama anaijua, ni ya godoro lililokojolewa kisha likafunikwa shuka safi.

"Kweli halikulala nje," nikamwambia dalali. "Lililala majini."

Akamgeukia mume wangu. "Bwana mkubwa, huyu mkeo umemtoa polisi?" Tukaagana tunacheka, na yeye anacheka, ila gari tulimwachia.

La pili lilikuwa la bluu, la mhandisi mmoja aliyekuwa anahama. Hapo sumaku ilinata kila mahali. Baba Chiriku akakaa, miguu ikanyooka, akawasha, na ule mngurumo niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Uso wake ulikuwa haujawahi kuwa vile, hata siku Chiriku alipozaliwa, maana siku ile alikuwa na hofu. Lakini lilikuwa na viti viwili tu. Nyuma ya viti bati, nyuma ya bati tangi la mafuta. Akazima, akashuka, akamrudishia mwenyewe funguo zake. "Ni zuri sana," alisema. "Ila ni la mtu asiyesubiriwa nyumbani."

Tukashika njia ya nyumbani. Nilitaka nimwambie rudi ukalichukue, Chiriku atakua. Maneno yalifika mdomoni yakagoma. Sikujua kama kunyamaza kwangu ni mapenzi au ni uchoyo, na mpaka leo sijui vizuri. Nawe usinijibu haraka.

La tatu tuliambiwa na mteja wangu. Lilikuwa la fundi saa mmoja, mzee mfupi, nadhifu, ambaye mkono wake umeanza kutetemeka. Alisema mtu wa mkono kama ule aache saa na aache barabara. Gari lake ni la kijani kama chupa, boneti imepauka, dashibodi ina ufa. Kasoro zake alitutajia kabla hatujauliza. Asubuhi za baridi linakataa kuwaka mpaka libembelezwe. Gia ya pili haipendi pupa. Mvua kubwa ikinyesha tone moja linamwangukia dereva begani, na lingine la upande wa abiria halijulikani linapokwenda. Nilimpenda mzee yule hapohapo.

Na nyuma ya viti vya mbele kuna kiti kingine, kidogo, ambacho mtu mzima labda aweke mkoba. Chiriku alipenya mwenyewe, akakaa, akaweka mikono magotini kama mgeni rasmi. Nikajua tumefika.

Sasa, Shangazi, wewe siku ya harusi uliniuliza ngazi ya kumfikia bwana harusi nitaiweka wapi. Urefu ule sote tunaujua, wenzake kazini wanamwita Mlingoti. Ajabu ni kwamba katika mipango yetu yote, kupima sumaku, kunusa mazulia, kuulizia mafundi, hakuna aliyewahi kufikiri kumpima yeye. Nami kazi yangu ni kupima watu!

Aliingia mguu mmoja, akaingiza na kichwa, akavuta mguu wa pili. Goti likakwama chini ya usukani. Akajaribu kutoka, likakwama zaidi. "Baba kanasa! Baba kanasa!" Chiriku anapiga makofi kule nyuma. Mimi navuta mkono, fundi saa anasukuma bega, mwenyewe anacheka machozi yanamtoka. Alipotoka akajifuta macho, akaliangalia gari, kicheko kikaisha.

Fundi saa akasema dawa ipo. "Ng'oa kile kiti cha nyuma, hiki cha mbele kirudi, utakaa kama mfalme." Tukageuka wote wawili kutazama nyuma. Mgeni rasmi bado amekaa, mikono magotini.

Baba Chiriku akatikisa kichwa. Akazunguka upande wa abiria akakaa apumzike, na huko kwa kuwa hakuna usukani miguu yake ikapita yote chini ya dashibodi. Mimi nikaingia kwenye usukani nimtoe Chiriku, aliyekuwa ameanza kuvuta mkanda. Miguu yangu ikatua kwenye pedali. Sikuinyoosha, sikuikunja, ilitua tu.

"Basi mama ndiye aliyekatiwa kipimo," fundi saa akasema.

Nikambeba Chiriku, nikashuka upesi.

Tulirudi nyumbani hatulitaji. Siku zikapita. Nilimwona anaosha vyombo ambavyo nilishaviosha. Mwishowe nikasema, "Linunue. Ng'oa kiti. Mimi na Chiriku tutakuwa tunakupungia dirishani."

"Halafu niende wapi?" akauliza. Akafuta sahani ileile. "Jifunze wewe."

"Mimi? Mimi nilichowahi kuendesha ni cherehani."

"Nayo si inakwenda kwa mguu?"

"Cherehani haina mteremko, Baba Chiriku!"

Akacheka kidogo. Nikamuuliza kweli, bila mzaha, kama hataumia kukaa pembeni na ndoto ni yake. Hakunidanganya. "Nitaumia," alisema. "Lile la bluu liliniuma, na hili litaniuma. Lakini hili nitaumia nikiwa ndani, nanyi mkiwa ndani." Ila nilipata hofu ambayo sikuwa nayo hata nilipokuwa nakwenda kujifungua. Nikizidiwa na wasiwasi ule, nikashindwa, gari litakaa chini kwenye ua linatutazama, na kila akipita ataona kitu alichonipa nikakiacha kife. Darasani niliishia mapema, unajua, na tangu hapo nikiona mtu ameshika karatasi ya kusahihisha natafuta mlango.

Fundi saa alilileta mwenyewe. Alishuka, akatoa funguo. Baba Chiriku akanyoosha mkono, akasita, akaugeuza kunielekezea mimi. Mzee akanikabidhi, akaenda zake kwa miguu, na hakugeuka nyuma.

Kazini kwake walimla mzima. "Mlingoti, leo mkeo kakupa lifti?" "Abiria, nauli umelipa?" Kondakta wake akamkatia tiketi kabisa, akaibandika kwenye kioo cha basi. Alinisimulia yote hayo huku anakula, nikamwangalia kama yanamkera. Nadhani yalimkera. Lakini kila jioni alinikalisha kwenye stuli ya jikoni, sufuria tatu chini, hii klachi, hii breki, hii mafuta, mwiko ndiyo gia. Chiriku akashika kifuniko, akawa dereva wa pili.

Kwenye shule ya udereva mwalimu alikuwa mpole mno, na upole wake ndio ulionitisha. "Mama, klachi si adui yako," aliniambia, "iachie polepole, kama unaweka mtoto aliyelala." Toka siku hiyo nikaelewa. Mtihani wa kwanza nilizimisha gari mlimani, msururu mzima nyuma yangu unapiga honi, nikarudi nyumbani nikalia. Baba Chiriku aliniuliza jambo moja tu: "Kesho unakwenda saa ngapi?" Mara ya pili nilipita. Leseni yangu ninayo, Shangazi, picha imetoka nimekodoa macho kama mwizi.

Jana ilikuwa Jumamosi, Baba Chiriku hana zamu. Tukakunja paa, Chiriku nyuma yangu na mkanda aliotushonea fundi viti, tukatoka kwa barabara ileile anayopita na basi kila siku. Mwanzo mguu wake ulikuwa unakanyaga zulia kila nikikaribia kona.

"Baba Chiriku, hapo hakuna breki."

"Najua. Mguu ndio haujui."

Kichwa chake kilipita juu ya kioo cha mbele, upepo wote unampiga kwenye paji, macho ameyafinya. Gia ya pili niliibembeleza, ikakubali. Tulipopita ukuta mrefu wa kiwanda nilisikia mguu umeacha kukanyaga. Sikuthubutu kumwangalia, nilikuwa nimeshika usukani kwa vidole vyote kumi. Nikafikiri amekasirika, au moyo umemshuka, amekumbuka lile la bluu.

Akasema, "Hapa pana bwawa."

Nikamwambia sijui, mimi naangalia barabara.

"Nyuma ya ukuta, pale palipobomoka, kuna bwawa. Lina bata." Alikuwa amejigeuza mzima pembeni, mkono juu ya mlango. "Miaka yote napita hapa. Mimi naangalia barabara tu." "Mama Chiriku, hebu simamisha."

Nikawasha taa ya kuashiria, nikaangalia kioo, nikapunguza, nikaegesha kando bila kuzimisha injini ovyo. Akamtoa Chiriku akamweka mabegani, wakaenda kuangalia bata. Mimi nilibaki nimekaa nyuma ya usukani, nawasubiri abiria wangu warudi.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Kama bado unaona tumekosea niambie, nitalisoma neno lako kwa heshima, ila gari halirudi.

Nisalimie shemeji fundi bomba, na binamu yule anayesomea uuguzi, mwambie viatu vyake vyeupe nitavituma na mtu wa kwanza atakayekuja huko. Mtoto Kitumbo naye mpigie busu shavuni. Baba Chiriku anakuamkia, anasema umwombee mkewe kwenye milima. Mungu akulegezee goti, akupe usingizi mzuri, na atukutanishe tukiwa wote tunacheka.

Mimi mwanao, nikupendaye kwa moyo wangu wote,

Mama Chiriku