Rangi Niliyoshindwa Kuichanganya

Hospitali ya Askari,
Bara Hindi

Kwa mke wangu Mwanaidi, Mkange.

Assalamu alaikum. Nakusalimu wewe na mwanetu Zena, niliyemwacha tumboni. Je, homa imemwacha? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia uliungua lori letu liliposhika moto, na vidole viwili vimekakamaa. Shemeji Rajabu, unayemsomea dada yako, soma taratibu wala usiruke neno.

Mwanaidi, vita vimekwisha na wenzangu wanaondoka, nami situlii. Nakaa, nainuka, naenda dirishani, narudi. Sista anayetuuguza alipoona hivyo akanipa brashi, ili vidole vizoee kushika. Rangi ni tatu tu: nyekundu, manjano na buluu, nyingine zote tuzitoe humo. Siku moja akatuambia tukodolee duara jekundu bila kupepesa, kisha tutazame karatasi nyeupe. Wallahi nikaona duara la kijani! Mapunda, mgonjwa mwenzangu wa Songea, akapiga kelele, "Mama yangu, jini hili!" Sista akacheka. Akasema jicho likichoshwa na nyekundu, hujiletea lenyewe kijani.

Juzi nikataka kumchora Zena. Nikajiuliza, amechukua rangi ya nani? Yangu niliipata, nikiilinganisha na mkono mzima. Kisha nikaanza yako. Nikachanganya, nikafuta, mara imekuwa nyekundu mno, mara kama udongo wa kisimani. Mapunda akauliza, "Kwani mkeo mweupe, au maji ya kunde?"

Mwanaidi, sikuikumbuka rangi yako! Nikaitupa brashi, nikatoka uani, machozi yananitoka mtu mzima.

Daktari alitaka ningoje nipasuliwe tena, huenda vidole vikakunjika. Kulipokucha nikamwendea.

"Nirudishe kwetu, bwana."

"Hutashika jembe sawasawa."

"Nitalishika nitakavyoweza."

Ameniandikisha meli ijayo. Najua utasema nimefanya pupa, na shamba litalimwa na nani. Sema yote, mke wangu, lakini uniseme nikiwa nimekaa mbele yako, nakutazama.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, na baba mdogo aliyetuozesha, na shangazi anayekusaidia kumlea mtoto. Rajabu, ahsante kwa sauti yako.

Ndimi mumeo,
Omari bin Athumani, nimeandika kwa mkono wa kushoto.