Pingili Sita Ndani ya Kanga

Jumatatu, 1 Desemba

Nimefua nepi za mdogo wangu, nimepika uji wa mama, nimechota maji. Mama hajamaliza arobaini, kwa hiyo kazi zote ni zangu tangu nimalize mtihani wa kidato cha nne. Silalamiki. Kazi haziniulizi maswali.

Mama mdogo Zubeda amepiga tena kutoka Ukunda, Kenya. Upasuaji wake ni Ijumaa. Hospitali wanamtaka Alhamisi kabla ya saa kumi jioni. Ameshaahirisha mara mbili kwa kukosa wa kumwachia nyumba. Mume wake alifariki mwaka jana, na shemeji yake anasubiri nyumba ibaki tupu siku moja tu abadilishe kufuli. Uvimbe unakua. Daktari amesema hakuna mara ya tatu.

Mama hawezi kwenda. Bibi ni mzee. Nimebaki mimi, ninayeogopa hata kuuliza bei ya nyanya.

Jumanne, 2 Desemba

Hati ya kusafiria imetoka. Kadi ya homa ya manjano ninayo, nilichanjwa mwezi uliopita. Nimefanya mazoezi ya majibu ya mpakani mbele ya kioo. Naenda kwa mama mdogo. Nakaa wiki tatu. Nalinda nyumba. Sauti haitoki.

Jumatano, 3 Desemba

Bibi amekuja leo hapa kwetu Masuguru, Korogwe, kutoka Handeni. Ameleta pingili sita za muhogo kwenye kipande cha gunia kibichi, na udongo kidogo wa shamba lake. Yeye kila alikohamia alipanda muhogo kwanza, ndipo akatandika kitanda. Anasema nyumba usiyoipandia kitu haikujui, na nyumba isiyokujua hailindiki.

Shuleni tulifundishwa batobato, ugonjwa wa muhogo. Mwalimu wa kilimo alisema ugonjwa husafiri ndani ya pingili na kwa macho huwezi kuuona. Nilijua. Nilitaka kusema. Bibi akanishika mashavu. "Mjukuu wangu, hawa ndio askari wako."

Nikasema asante, bibi.

Amezivingirisha kwenye kanga yake mwenyewe, akazilaza chini kabisa ya begi. "Wakikuuliza, nguo." Mama alicheka. Mimi nikafunga zipu.

Alhamisi, 4 Desemba. Mpakani, saa tano

Nilitoka Korogwe alfajiri. Segera, Tanga, kisha basi la Mombasa. Naandika nikiwa kwenye benchi.

Uhamiaji nilipita vizuri. Muhuri, kadi, picha. Nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna meza ya wakaguzi wa mimea, upande wa Kenya. Mama mmoja wa miwani. Nikamwamkia. Akauliza kama nimebeba mbegu, mmea, udongo ama nyama.

Nikasema hapana. Ndilo neno pekee lililotoka leo bila kukwama.

Akafungua begi, akainua kanga. Pingili moja ilikuwa imeshachipua. Kijani kidogo kimetoboa gunia na kuchungulia nje.

"Na hii kanga yako, binti, imeanza kuota lini?"

Foleni nzima ikacheka. Mzee nyuma yangu akasema, "Mwacheni, kwao mvua zimewahi." Nikaanza kulia mbele ya watu wote.

Wamechukua hati yangu. Kubeba ni kosa, na kukana ni kosa kubwa zaidi. Wanaweza kunirudisha. Basi limeondoka.

Mama mdogo amepiga mara nne. Sijapokea. Nitamwambia nini? Kwamba uvimbe wake usubiri kwa sababu nilimwonea bibi haya?

Saa sita na nusu

Nimepokea. Alikuwa analia. Shemeji yake amepita asubuhi, ameliona begi la hospitali. Anajua. "Mwanangu, usipofika, siendi."

Nikasimama. Nikaenda mezani bila kuitwa. Nikasema yote: bibi, pingili, batobato, kwamba nilijua, kwamba nilidanganya. Nikasema upasuaji. Nikasema saa kumi. Sijui sauti ile ilitoka wapi.

Yule mama hakulainika. Akaniambia muhogo ndio chakula cha watu wa huku, ugonjwa ukiingia shamba moja unamaliza kijiji. Kisha akavua miwani. "Ungeanza na haya, saa hii ungekuwa umefika."

Ameandika onyo, nimetia sahihi. Pingili, gunia na udongo vimepelekwa kuchomwa. Kanga imekung'utwa, nikarudishiwa. Nimeuona moshi. Nimelia tena, safari hii kwa ajili ya bibi.

Hati ninayo. Gari sina. Saa saba inakaribia. Mungu wangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Jana nilipata matatu, nikafika saa tisa na robo. Mama mdogo alikuwa amekaa kizingitini, begi mapajani. Hakunisalimu. Alinitia funguo mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake, akaenda.

Leo asubuhi shemeji yake alikuja na fundi wa kufuli. Akagonga. "Kuna mtu humu?"

Nikafungua. "Shikamoo, baba. Nipo. Nipo mpaka arudi."

Akanitazama mimi, akamtazama fundi. Fundi akasema, "Mzee, uliniambia hamna mtu." Wakaondoka wakibishana. Nikafunga mlango kwa ufunguo.

Hospitali hawajapiga simu. Wasipopiga?

Jumapili, 7 Desemba

Muuguzi amempa mama mdogo simu. Ametoka salama. Sauti ndogo, kama ya mtoto. Ameuliza kama kuku wamekula.

Bibi naye amepiga. Muhogo umeshika? Nimemwambia umechomwa, na nimemwambia kwa nini. Akasema, "Haya. Ukirudi niletee pingili za huko, nizijaribu."

"Hapana, bibi."

Sijawahi kumwambia hivyo maishani. Aliguna. Kisha akauliza kama huku kuna mvua.

Nimefagia uwanja. Kanga yake nimeifua kwa maji ya moto. Ipo kambani, inakauka.