Nyota za Mama Zitoke Kwenye Zizi la Mbuzi

Kwako ndugu yangu Musyoka,

Nakusalimu kutoka huku Doha. Natumaini barua hii imekukuta mzima, umeshiba na umekaa, kwa sababu nataka uisome ukiwa umekaa. Mimi ni mzima. Joto la huku limepungua, sasa tunajifunika shuka tukilala, na mgongo unaniuma kama kawaida kwa kutandika vitanda vya hoteli, lakini nakula vizuri. Mvua imenyesha huko Matinyani? Ndengu zimetoa maua? Na yule mbuzi wa Mama aliyeumia mguu anatembea sasa?

Umeona kwamba Mumbua, mwenzangu wa kazini anayekuja likizo kwao Migwani, amekuletea bahasha badala ya boksi. Ulikuwa unangoja zile taa za kuwaka na kuzima ulizoniagiza, na mipira ya kung'aa ya kutundika kwenye mti. Sikununua. Wala sikukupigia simu, kwa sababu nikianza tu kukugombeza huwa unasema network imepotea. Barua haina network, kwa hivyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Juzi ulinitumia picha ya sebule ya nyumbani, chini yake umeandika, “Sister, cheki venye keja imekuwa safi. Christmas hii tutang'aa.” Nikaangalia. Nikaona mti wa plastiki ulionunua Kitui mjini, umesimama kando ya televisheni. Nikaona makochi hayana vitambaa. Nikaona karatasi za kumetameta zimebandikwa ukutani kwa selotepu. Kisha nikaangalia juu ya mlango, nikaikuza picha kwa vidole, nikaikuza tena, na kamba ya Mama yenye nyota za vibuyu haikuwepo. Chai yangu ilipoa mezani nikiwa bado nakodolea macho ule ukuta mtupu.

Nilipokuuliza kwa meseji kamba iko wapi, ulinitumia ujumbe wa sauti, sauti ya mtu anayetafuna kitu: “Ah, zile vitu za mathe ni za kitambo sana. Wazazi wa Nduku wanakuja Boxing Day kutoka Wote mjini, na hao ni watu wamejipanga. Wakipata vipande za calabash zimening'inia hapo watasema tuko nyuma.”

Nyuma ya nini, Musyoka? Nduku ni mchumba wako na nafurahi kwamba wazazi wake wanakuja kutujua. Lakini wanakuja kutujua sisi, na hicho ulichobandika ukutani ni duka.

Nikampigia Mama. Unajua Mama hawezi kusema amekasirika, yeye husema amechoka. “Wacha tu, Mwende,” akaniambia. “Hii mwaka nitapumzika. Musyoka amesema hizo zinaleta aibu, na pengine ni ukweli, mimi nimezeeka.” Nikamuuliza wageni wakija yeye atakaa wapi. “Nitakuwa huko jikoni na mama yako mdogo. Chapati zitakuwa mingi.” Basi hapo ndipo uliponichoma. Mama ajifiche jikoni, kwenye nyumba aliyoijenga na Baba, matofali wakiyafyatua wenyewe, halafu mti wa plastiki ndio uketi sebuleni kupokea wageni.

Pengine umesahau, kwa hivyo nikukumbushe. Kila mtu wa nyumba ile ana nyota yake. Ukizaliwa, Mama anatafuta kibuyu kilichopasuka, anakiloweka kilainike, anakata nyota kwa kile kisu chake kifupi, anaitoboa kwa msumari wa moto na kuichora kwa waya. Hamwambii mtu. Asubuhi ya Krismasi unaamka unaikuta kwenye kamba. Ile kamba ni mkonge alioutwanga na kuusokota juu ya paja lake mwenyewe, akautia rangi kwa magome aliyoyachemsha. Nyota ya aliye mbali inafungwa karibu kabisa na mlango, ili siku akirudi aikute kabla hajakuta kiti. Ya Baba inakaa katikati, na haijawahi kutolewa tangu tumzike. Nawe umepanda kwenye stuli ukaifungua. Sijui mkono wako ulijisikiaje.

Na usidhani nakuandikia hivi kwa sababu sijui vitu vizuri. Hapa hotelini mimi na Mumbua ndio tunaoremba ule mti mkubwa wa mapokezi. Tunapanda ngazi na mipira ya kila rangi, tunafunga utepe, wageni wanapiga picha na kupita. Sikukuu ikiisha tunavishusha vyote, vingine vinarudi stoo, vingine vinaingia kwenye mifuko ya takataka, na hakuna mtu anayeuliza ule wa dhahabu ulikuwa wa nani. Nikiwa juu ya ngazi nafikiria nyota yangu pale mlangoni. Ndicho kitu kinachonifanya nimalize Desemba bila kulia. Mwaka huu nilikuwa nafikiria kitu ambacho ulikuwa umeshakitupa.

Ndiyo, umekitupa. Mama mdogo Kavata ameniambia zote umezitia kwenye gunia na kulitundika kwenye zizi la mbuzi. Kwenye mikojo ya mbuzi, Musyoka.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na usiniambie ni kazi kubwa wala hakuna pesa, maana hakuna cha kununua hapa isipokuwa chokaa kidogo.

Huo mti wa plastiki urudishe ulikoununua, wakikataa mpe mtoto yeyote acheze nao. Nenda kule chini mtoni ukate tawi la mgunga lenye miiba mirefu, ulisimamishe kwenye lile debe la zamani la mafuta, ulijaze mchanga. Debe lipake chokaa. Halafu Mama akaange bisi, na kila mwiba uchomeke bisi moja, kama tulivyokuwa tukifanya. Unakumbuka jinsi tawi linavyochanua? Unakumbuka pia nani alikuwa akizila upande wa ukutani, akidhani hatuoni, mpaka siku ya Krismasi mti una kipara upande mmoja? Acha za kutosha safari hii.

Vitambaa vya makochi vitoe kwenye boksi. Vifue, uvichovye kwenye maji ya uji mwepesi wa unga, uvianike vikauke vimekakamaa, uvipige pasi. Wewe mwenyewe, usimpe Mama. Alivisuka kwa mkono wakati macho yake yalikuwa mazuri, na mtu aliyejipanga, kama unavyowaita, atajua akiviona. Mawe ya njia kutoka lango hadi mlangoni yapake chokaa iliyobaki. Nyunyizia uwanja maji ndipo ufagie, usijaze wakwe zako vumbi.

Kisha panda tena juu ya ile stuli, urudishe kamba mahali ulipoitoa. Zile karatasi za kumetameta zibandue taratibu usiharibu rangi ya ukuta.

Na Boxing Day, wazazi wa Nduku wakifika, Mama akae kwenye kiti cha Baba. Chapati zitapikwa na wengine. Wewe pia una mikono.

Nisalimie Mama na umwambie ile picha nimeifuta kwenye simu, nangoja nyingine. Msalimie mama mdogo Kavata, aliyekuwa na moyo wa kuniambia ukweli. Msalimie yule mzee wa kanisa jirani yetu, aliyemsaidia Baba kupandisha mabati, na wale akina mama wa kikundi cha Mama cha kusuka vyondo. Msalimie sana Nduku. Yeye simlaumu hata kidogo. Nilimuuliza kama aliwahi kulalamikia kamba ya Mama, akaniambia siku ya kwanza ulipomleta nyumbani aliuliza ile ni nini, na Mama akamweleza jina moja baada ya jingine, na yeye alipenda. Aibu ilikuwa yako peke yako.

Kitu cha mwisho. Mama mdogo alinieleza mimi lakini akakataa kabisa kukwambia wewe, akasema ni Mama ndiye wa kusema, lakini Mama hatasema sasa. Unajua kwamba Mama alipoolewa, nyanya, mama yake Baba, alimkatia nyota yake, akaitundika mbele ya wazazi wa Mama siku walipokuja, ili waone binti yao ana mahali. Basi ukilifungua lile gunia, tafuta iliyo tofauti. Nyingine zote zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, hiyo bado ni nyeupe. Mama ameikata mwezi mzima huu, kidogo kidogo, kwa sababu haoni vizuri, na alikuwa ameshaifunga kwenye kamba na kuifunika kwa kitambaa ulipokuja na gunia lako ukazoa vyote pamoja. Ni ya Nduku.

Ifute vizuri.

Dada yako anayekupenda na ambaye bado amekasirika,
Mwende