Radhi Yako Itume Wodini

Kingsbury, London
6 Machi, 1977

Kwa mama yangu, Bi Raya binti Nassor,

Shikamoo mama, nakushika miguu yote miwili ingawa mikono haifiki. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na Zuwena anayekusomea hairuki mistari kama alivyozoea. Zuwena, mwanangu, ukifika pahala pa aibu usicheke. Soma tu, bibi yako ameshasikia makubwa kuliko haya. Mimi ukiniona barabarani utasema mzima. Ya ndani nitakueleza, usiniharakishe.

London bado inanijua. Basi letu la ghorofa haliondoki mpaka mimi kondakta nipige kengele, na Wazungu na miavuli yao nikiwaambia simameni, wanasimama. Mtoto aliyekimbia skuli darasa la sita leo anaamrisha Waingereza! Waambie majirani, hasa wale waliosema sitafika mbali. Ila kuna kituo kimoja mbele ya spitali. Nikishatangaza jina lake hubana pumzi mpaka tuondoke, maana mlango wa spitali ukifunguka hutoa ile harufu ya dawa ya sakafu. Unaijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye kanzu ya marehemu baba, siku tuliporudishiwa kanzu peke yake. Tangu hapo mimi na spitali hatuzikani.

Sasa sikiliza mkasa. Kanti, mtoto wa yule fundi saa wa mtaani kwetu, ana duka hapa, na juu ya duka ndipo anapokaa na mkewe, Champa. Alinunua friji jipya. Champa akasema tungoje vijana waje walipandishe. Nikamwambia, shemeji, vijana wa nini na mwanamme wa Unguja amesimama mbele yako? Nikalibeba peke yangu ngazi mpaka juu, Kanti nyuma akipiga kelele kwa Kigujarati na Kiswahili pamoja. Friji lilifika salama. Mimi sikufika salama. Samahani kwa neno hili, mama: mshipa umenishuka. Ngiri. Uvimbe kama ndimu chini ya tumbo.

Nilijifunga kitambaa nikanyamaza. Champa ndiye aliyeniona nakunja uso, akanigombeza kwa Kiswahili cha Darajani mpaka nikakubali kwenda. Daktari akaushika, akasema lazima nipasuliwe, tena mapema, maana utumbo ukibanwa pale unaweza kuoza na mtu akafa kwa jambo dogo. Alilisema kwa upole, kama anayeniuliza chai anitilie sukari ngapi. Mimi macho yameshafika mlangoni, imebaki miguu.

Operesheni imeahirishwa mara mbili. Hawakuahirisha wao. Miadi ikikaribia kengele ninayoipiga mwenyewe inanishtua, abiria nawarudishia chenji za wenzao. Kanti hunisindikiza, na njia nzima hunitania kwamba mwanamme wa Unguja anakwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Tukifika mlangoni anaacha mzaha, ananishika mkono. Tulipokuwa watoto mimi ndiye niliyemshika yeye tukipita penye mbwa.

Haya, nimefika penyewe. Siku ya kwanza walinivika gauni linalofungwa nyuma, wakanilaza. Ile harufu ikanijaa kichwani. Daktari alipoleta karatasi nitie saini, nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba kwetu mtu hapasuliwi kabla mama yake hajampa radhi, nami nimeshakuandikia, nangoja jibu. Kuna nesi wa Kikenya pale, Jedidah, mama wa watu mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Akamfafanulia daktari kwa heshima zote, akaongeza kwamba hata kwao Machakos mtoto haendi penye hatari bila baraka za mzazi. Daktari akakunja karatasi yake. Mara ya pili nikasema yale yale, barua za Unguja zinachelewa.

Mama, sikukuandikia. Hukuulizwa lolote. Kila nikishika kalamu nilijua kwamba ukishanipa radhi sina tena pa kujificha.

Ningeendelea hivyo mpaka utumbo uoze. Lakini juzi Jedidah alipanda basi letu kituo kile kile, akaniuliza kama mama ameshajibu. Nikasema bado. Akaniambia taratibu nisimchukie, lakini huyo mama yangu ana moyo gani, miezi yote hii kumnyima mwanawe neno moja? Akasema wodi nzima inamshangaa, na yeye anamwombea kanisani alainike.

Wewe, mama! Wewe uliyelala sakafuni pembeni mwangu nilipougua surua, unaombewa London ulainike! Nilisahau kupiga kengele. Basi likabaki pale pale mbele ya spitali, mlango wake wazi, dereva anafoka, na mimi naivuta harufu ile kifua kizima. Sikufa. Nikamwambia Jedidah ukweli wote. Aliniita mjinga kwa Kiswahili, akarudia kwa Kikamba ili awe na hakika. Baadaye akanitafutia siku nyingine, mwanzo wa mwezi wa nne.

Basi sasa naomba kweli. Niwie radhi kwa uongo niliokutwisha, na unipe radhi yako nikapasuliwe. Lakini jibu usilitume nyumbani. Likija nyumbani nitalibusu, nitalitia chini ya mto, nami nitalala juu yake siku ya miadi. Najijua. Litume wodini kwa jina la Jedidah, anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimemwambia asinipe mpaka anione nimelala na gauni lao mwilini. Nikijua neno lako limo ndani ya mlango ule, nitaingia, hata kwa kutambaa.

Kanti na Champa wanakusalimu sana, na friji linagandisha vizuri. Nisalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia, waone ninavyowajali.

Usiandike mengi, mama. Andika yale uliyokuwa ukiniambia ukisimama kizingitini jua likizama, nami nacheza nje sitaki kusikia: Mbarouk, ingia ndani.

Mwanao asiyekua,
Mbarouk